Meza ya Katibu na Kilo za Mwanachama

Mwanachama aletapo kahawa yake chamani, macho yake yote huwa kwenye mizani. Husimama karibu, hubishana na karani ikibidi, wala haondoki mpaka apewe stakabadhi mkononi. Asiloliona ni lile litendekalo baadaye, kilo zake zinapohamishwa kutoka katika stakabadhi na kuingizwa katika leja. Kazi hiyo hufanyika mezani kwa katibu, na katika vyama vingi meza hiyo ndiyo mahali penye fujo kuliko pote ofisini.

Tuseme katibu anaingiza kilo 86 za mwanachama fulani. Kabla hajaandika, mtu anachungulia mlangoni kuuliza habari za mbolea. Katibu anajibu, anarudi kitabuni, naye anaandika 68. Kama malipo ya awali ni shilingi 5,000 kwa kilo, mwanachama amekwisha kupunjwa shilingi 90,000 bila mwizi yeyote kuingia ofisini. Siku atakapolalamika, hakuna kijijini atakayesema kwamba katibu alikatizwa kazi. Litasemwa neno moja tu, nalo ni wizi.

Makosa ya namna hii yana alama yake. Tarakimu mbili zinazofuatana zikipinduliwa, tofauti hugawanyika kwa 9 bila baki: 86 kutoa 68 ni 18, 541 kutoa 514 ni 27. Hali kadhalika sifuri ya mwisho ikisahauliwa, 450 ikawa 45, tofauti ni 405, nayo hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo jumla ya leja isipolingana na jumla ya stakabadhi, yafaa tofauti hiyo igawanywe kwa 9 kabla mtu hajatuhumiwa. Jaribio hili halithibitishi kosa, maana tofauti nyingine hugawanyika hivyo kwa bahati tu, lakini laweza kumwokoa katibu na siku nzima ya kupekua vitabu. Bora zaidi ni kosa lisitendeke, na hapo ndipo mpango wa meza unapohusika.

Ofisi ya chama cha msingi aghalabu ni chumba kimoja, wala si rahisi kupata cha pili. Hata hivyo chumba kimoja chaweza kuwa na meza mbili: moja karibu na mlango kwa kupokea watu, na nyingine pembeni kwa vitabu peke yake. Katibu akikaa kuutazama mlango, kila apitaye humnyang'anya macho. Akiupa mlango mgongo, hamwoni aingiaye, jambo lisilofaa penye fedha. Basi na akae ubavu, dirisha likiwa upande wa kushoto kwa aandikaye kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari anaouandika. Kiti kiwe cha kimo cha kumwezesha kuweka viwiko mezani bila kuinua mabega. Viti vingi vya ofisi zetu, kwa kweli, vilinunuliwa kwa ajili ya mikutano.

Juu ya meza hiyo pawe na leja, fungu la stakabadhi zinazoingizwa, kalamu, rula na kikokotoo. Vingine vyote viende kabatini, na simu iwe ya kwanza kwenda, maana huita mara nyingi kuliko mlango. Fedha zisihesabiwe hapo wakati leja iko wazi. Rula ikae chini ya mstari unaoandikwa, na mtu akiita, katibu aumalize mstari kwanza ndipo ainue kichwa. Stakabadhi iliyokwisha kuingizwa itiwe alama ya vema na kulazwa kifudifudi upande wa pili. Iliyoharibika isichanwe: iandikwe kwamba imefutwa, ibaki kitabuni pamoja na nakala zake. Mkaguzi atakapofika hufuata namba za stakabadhi moja baada ya nyingine, na namba isiyoonekana humtia shaka kuliko karatasi chafu.

Wako wanaodhani kwamba kompyuta imeyamaliza haya yote. Kompyuta hujumlisha bila kosa, lakini ikilishwa 68 mahali pa 86, itaijumlisha hiyo 68 kwa uaminifu mkubwa. Aliyekatizwa mbele yake hukosea kama aliyekatizwa mbele ya leja. Kioo chake nacho kielekezwe ubavu wa dirisha, kisiakisi mwanga, na nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe nje ya chumba hicho.

Ugumu mkubwa hauko katika samani. Ofisi ni mali ya wanachama, na katibu akianza kuwaambia watu wasubiri, haichukui muda kusikia kwamba amejifungia na vitabu ili avichezee. Wanaonung'unika hivyo hawana kosa, kwa kuwa viko vyama vilivyokwisha kuumizwa na vitabu vilivyofichwa. Ndiyo sababu saa za vitabu zisipangwe na katibu mwenyewe. Zipangwe na kamati, zielezwe katika mkutano mkuu, kisha zibandikwe mlangoni: kwa mfano, saa 2 hadi saa 4 asubuhi ni za kuingiza stakabadhi za jana, na baada ya hapo mwanachama yeyote aonyeshwe hesabu yake akitaka. Mlango usifungwe katika saa hizo. Aliyeko barazani amwone katibu akiandika, na barazani hapo pawekwe benchi, kwa kuwa yuko mzee aliyetembea tangu alfajiri kuja kuuliza malipo yake, naye hawezi kuambiwa asubiri akiwa amesimama juani.