Majuto ya Uamuzi baada ya Upasuaji Mkubwa wa Uti wa Mgongo kwa Watu Wazima: Dhana na Upimaji Wake katika Mkoa wa Singida

Utangulizi

Makala haya yanafafanua dhana ya majuto ya uamuzi kwa watu wazima waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa uti wa mgongo, na kuonesha kwa nini kipimo kilichozoeleka cha majuto hayo hakiwezi kutumika Singida kwa kutafsiri maneno yake pekee. Hoja kuu ni kwamba kipimo hicho humchukulia mgonjwa kuwa ndiye mwamuzi, ilhali katika familia nyingi uamuzi wa upasuaji mkubwa ni wa ndugu kwa pamoja. Mtafiti asiyeuliza kwanza ni nani aliyeamua, na alielewa nini alipoamua, atapata alama asiyoweza kuieleza.

Dhana ya majuto

Majuto si sawa na kutoridhika. Mgonjwa asiyeridhika huyatazama matokeo: maumivu yamebaki. Mgonjwa anayejuta huyalinganisha matokeo hayo na yale ambayo yangepatikana kwa njia nyingine. Kiswahili hubeba ulinganisho huo katika viambishi -nge- na -ngali-: "Ningalijua, nisingalikubali." Connolly na Reb (2005), wakijadili maamuzi ya tiba ya saratani, walitofautisha majuto ya matokeo, majuto ya chaguo na majuto ya mchakato, yaani namna uamuzi ulivyofikiwa.

Utofautishaji huo una uzito katika upasuaji wa mgongo kwa kuwa faida yake hutegemea lengo. Kuondoa mgandamizo kwenye mishipa ya fahamu huleta matumaini zaidi kwa maumivu yanayoshuka mguuni kuliko kwa maumivu ya mgongo wenyewe. Kuhusu maumivu sugu ya kiuno, utafiti wa Sweden (Fritzell na wenzake, 2001) ulionesha nafuu kubwa zaidi kwa waliounganishwa pingili kuliko kwa waliopata tiba isiyo ya upasuaji. Utafiti wa Norway (Brox na wenzake, 2003) haukuona tofauti kubwa kati ya upasuaji huo na mazoezi yaliyoambatana na ushauri. Pale ambapo ushahidi umegawanyika hivyo, ubora wa uamuzi hauwezi kupimwa kwa matokeo peke yake.

Kipimo na lugha yake

Kipimo cha Majuto ya Uamuzi cha Brehaut na wenzake (2003) kina kauli 5, kila moja ikijibiwa kwa ngazi 5 za kukubali au kukataa. Kauli 2 zenye mwelekeo hasi hugeuzwa. Kisha wastani hupunguzwa 1 na kuzidishwa kwa 25. Alama 0 huonesha kutokuwapo kwa majuto, na 100 huonesha majuto makubwa kabisa.

Ugumu wa kwanza wa tafsiri umo katika kitenzi "kujuta". Methali isemayo majuto ni mjukuu humfanya mwenye kujuta kuwa chanzo cha yaliyompata, na katika lugha ya dini kujuta huandamana na kutubu. Mgonjwa anayejibu "sijuti, ni mapenzi ya Mungu" huenda anakataa kumlalamikia Muumba, wala hasemi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Ugumu wa pili umo katika kauli ya kutendwa. "Chaguo lililofanywa" humficha mtenda. "Nililolifanya" humtwika mgonjwa peke yake. "Tulilolifanya" huwaingiza ndugu. Tafsiri hizi 3 ni maswali 3 tofauti.

Mazingira ya Singida

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Singida una watu 2,008,058, wengi wao wakiwa wakulima na wafugaji. Kwa upasuaji mkubwa wa mgongo, safari ya rufaa huweza kufika Dodoma, takriban kilometa 240, au Dar es Salaam, takriban kilometa 700, ilipo Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa mkulima wa Ikungi aliyeanguka kutoka mtini akitundika mzinga wa nyuki, uti wa mgongo ukaumia na miguu ikafa ganzi. Ndugu wanakaa kikao, ng'ombe wanauzwa, kaka mkubwa anaongozana naye hospitalini, naye mgonjwa anatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Baada ya kuwekewa vyuma, familia inaambiwa operesheni imefanikiwa. Kwa daktari, kauli hiyo ina maana kwamba pingili zimeimarishwa na mgonjwa ataweza kukaa bila hatari ya kuumia zaidi. Kwa ndugu, ina maana kwamba atatembea. Mwaka mmoja baadaye yumo kwenye kiti cha magurudumu, na asemalo si "najuta" bali "nimewaponza ndugu zangu". Kipimo kilichotafsiriwa neno kwa neno kitampa alama ya chini, na mzigo anaoubeba hautaonekana.

Umbali nao huathiri sampuli. Asiye na nauli, au ambaye hali yake hairuhusu kukaa ndani ya basi, harudi kliniki. Mtafiti anayewasubiri wagonjwa hospitalini hukutana zaidi na walioweza kurudi, hivyo huweza kuyapunguza majuto kuliko yalivyo.

Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, makala yanapendekeza mambo 4. Kwanza, kila usaili uanze kwa kuuliza ni nani aliyeamua, kisha nafsi ya kitenzi ifuate jibu hilo. Pili, mgonjwa aelezwe kabla ya upasuaji, mbele ya ndugu walioamua naye, maana ya neno "kufanikiwa" kwa hali yake mahususi, naye arudie maelezo hayo kwa maneno yake. Tatu, majuto ya mchakato yapimwe kando na majuto ya matokeo. Nne, wagonjwa wafuatwe majumbani. Daktari hana uwezo wa kuahidi miguu itakayotembea. Ana uwezo wa kuhakikisha kwamba kabla ng'ombe hawajauzwa, familia inajua kinachonunuliwa.