Njugu za Kakamega na Kashata Isiyotiwa Tanurini

Kuna kitamutamu ambacho siku hizi kinapita jiko hata jiko katika miji ya Kenya, na vijana wakizungumza habari zake utadhani kimezuliwa jana. Ni njugu zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikawa laini, zikachanganywa na asali na oti, zikafinyangwa mabonge madogo madogo, zikaliwa bila kutiwa tanurini. Mtu wa Mombasa au Lamu akionyeshwa bonge hilo, neno lake la kwanza litakuwa: "Kwani hii si kashata?"

Hakukosea sana. Ni nduguye kashata, ila wametengana kidogo. Kashata yetu ya njugu hushikwa na sukari iliyochemshwa mpaka ikavuta nyuzi, ikamwagwa katika sinia, ikakatwa kabla haijawa jiwe. Huyu nduguye hushikwa na mafuta ya njugu zenyewe pamoja na asali. Hana haja ya sukari ya moto inayounguza vidole, wala hahitaji mpishi mwenye jicho la kujua wakati wa kuepua. Hata mtoto wa miaka minane aweza kukaa na mamake akafinyanga.

Basi, ndugu msomaji, mapishi yenyewe ni mepesi. Lililo zito ni njugu. Na ili tulieleze hilo vizuri, natutoke pwani kidogo twende Kakamega, mji wa magharibi ya Kenya, ambako njugu hulimwa, miwa hukamuliwa ikawa sukari guru, na mvua hunyesha kuliko sehemu nyingi za nchi.

NJIA YA ZAMANI

Watu wa pwani si wageni wa Kakamega. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilikuwa ikipita huko kutafuta pembe, na kituo chao kikubwa kilikuwa kwa mfalme wa Wawanga, mahali ambapo leo ni mji wa Mumias, katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega. Joseph Thomson, yule msafiri wa Kiskoti, alipofika hapo mwaka 1883 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha izoea njia. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, aliwapokea, na Uislamu ukaota mizizi hapo mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia adhana Mumias katikati ya mashamba ya miwa, usistaajabu.

Miwa hiyo ndiyo iliyoupa mji jina kubwa tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973. Lakini mbali na viwanda vikubwa, huko Kabras na kwingineko katika kaunti pana vinu vidogo vya kukamulia miwa. Maji ya miwa huchemshwa katika makarai mapana, yakazidi kuwa mazito, yakamwagwa katika vyombo, yakaganda yakawa sukari guru ya rangi ya kahawia. Ni jambo la kusikitisha kwamba sehemu ya sukari hiyo huishia kwa wapishi wa chang'aa. Na sisi tunaoijua thamani ya kitu kitamu cha halali twaweza kuipa kazi iliyo bora.

MWENYEJI NA MGENI

Ukiingia sokoni Kakamega utaona njugu zimepimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kama zamani tulivyopima kwa pishi na kibaba. Waluhya huziita tsinjugu. Karibu nazo, ukibahatika, utaona nyingine za mviringo, ngumu, za rangi nyingi. Hizo ni tsimbande, yaani njugu mawe zetu. Hizi mbili zafanana kwa kuzaa chini ya ardhi, lakini asili yao ni mbali mbali. Njugu mawe ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. Njugu nyasa, ambazo ndizo tunazozikaanga na kuzila barazani, zilitoka Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta katika pwani za Afrika tangu karne ya 16.

Mgeni huyo alipokewa kwa mikono miwili, naye alistahili. Karibu robo ya uzito wa njugu ni protini na karibu nusu ni mafuta. Kwa nyumba isiyopata nyama kila siku, hicho si kitu kidogo. Magharibi ya Kenya mboga za kienyeji huungwa kwa njugu zilizosagwa, kama sisi tunavyounga kwa tui. Huko Uganda, Waacholi wana odii yao ya njugu na simsim, na Waganda wana mchuzi wa binyebwa. Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka 1884 kwa ajili ya njugu zilizosagwa. Mama aliyekuwa akisaga zake juu ya jiwe hakuandikiwa hati yoyote.

MVUA NA UKUNGU

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Njugu zilizopandwa wakati wa masika huvunwa kati ya Julai na Agosti, na wakati huo mawingu bado hayajaondoka. Mkulima huanika asubuhi, na alasiri mvua yaja kumfukuza. Njugu isiyokauka barabara ikatiwa guniani, ndani ya gunia huota ukungu, na katika kuvu zinazoota humo zipo zinazotoa sumu iitwayo aflatoksini.

Sumu hiyo ilijulikana kwa msiba wa ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na wataalamu walipofuatia wakakuta chanzo ni mashudu ya njugu waliyolishwa. Kwa binadamu sumu hii hushambulia ini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Wakenya hatuhitaji kuhadithiwa: mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliwaua watu 125 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haina harufu wala rangi ya kuitambulisha, na moto wa jikoni hauimalizi. Kukaanga kwaweza kuipunguza kiasi, lakini anayedhani kwamba njugu mbovu ikiungua itakuwa njema ajidanganya. Sheria ya Kenya yataka njugu zisizidi sehemu 10 za sumu hiyo katika sehemu bilioni moja. Januari 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilizuia aina kadhaa za siagi ya njugu madukani kwa sababu ya sumu hiyo hiyo.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Njugu nzima una macho nayo. Waweza kuigeuza, kuimenya, kuitupa. Lakini ikisha sagwa, nzuri na mbaya zimekuwa kitu kimoja, na jicho halina kazi tena. Mfanyabiashara asiye na haya, akiwa na njugu zilizosinyaa ambazo hakuna atakayezinunua zikiwa nzima, dawa yake ni kuzisaga. Samaki mmoja akioza, wasema wahenga, wote huoza. Basi faida kubwa ya kutengeneza kitamutamu hiki nyumbani si kuokoa shilingi, japo shilingi nazo huokoka. Faida ni kwamba wewe ndiwe uliyeiona njugu kabla ya kuwa siagi.

KUCHAMBUA

Bibi zetu walikuwa wakikaa na uteo magotini kabla ya kukaanga, na sisi watoto tukiona wanachelewa bure. Hawakuwa wanachelewa. Kuchagua njugu kwa mkono ni katika njia zinazofaa zaidi kupunguza sumu hiyo, na wataalamu wa leo wanayasema yale yale.

Mwaga njugu katika uteo au sinia nyeupe, mahali penye mwanga. Toa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota, na zenye weusi au ukungu wa kijani na manjano. Kisha zikaange kwa moto mdogo katika kikaango kikavu, ukikoroga kwa mwiko, mpaka zitoe harufu na ganda jembamba lianze kuachana. Zikipoa, zisugue kwa viganja na upete maganda. Halafu chambua mara ya pili, maana njugu iliyovuliwa nguo huonyesha madoa iliyokuwa imeyaficha. Ukitafuna moja ukaona uchungu, iteme. Na zile ulizozitoa usiwape kuku wala ng'ombe: kuku hudhoofika, na sumu hupita katika maziwa ya ng'ombe. Zifukie au zichome.

Kuchambua hakuondoi kila kitu, kwani iko njugu yenye sumu na uso wake ni safi. Ndiyo maana nunua zilizokauka, zinazolia ukizitikisa katika maganda yake, tena nunua kwa kiasi cha kutumia, usiweke gunia la mwaka mzima.

MAPISHI YENYEWE

Kwa mabonge 20 hivi tafuta vitu hivi: njugu zilizokaangwa na kuchambuliwa vikombe 2, oti vikombe 2, asali nusu kikombe, au sukari guru iliyopondwa nusu kikombe, tende 8, hiliki punje 4, na chumvi kidogo ya kuonja.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, binamu wa shayiri tunayoisoma katika habari za chakula cha Mtume, lakini si shayiri yenyewe. Zile bapa za dukani zimekwisha pigwa mvuke kiwandani kabla ya kubanwa, ndiyo sababu zaweza kuliwa bila kupikwa. Hata hivyo, zipitishe katika kikaango kikavu dakika 5, zitanukia vizuri na zitapoteza ule ubichi wake. Zikikosekana, au bei ikikushinda, unga wa wimbi uliokaangwa pole pole mpaka ukanukia hufaa, ila anza na kikombe 1 tu kwani hunywa mafuta mengi.

Twanga njugu katika kinu, au zisage kwa mashine. Kwanza zitakuwa unga, kisha zitashikamana, na usipochoka zitatoa mafuta na kuwa laini kama uji mzito. Vikombe 2 vitakupa karibu kikombe 1 cha siagi. Usitie maji hata tone, maana maji huileta mapema ile ile kuvu tuliyoikimbia.

Ukitumia sukari guru, itie katika sufuria na vijiko 4 vya maji, iyeyuke kwa moto mdogo mpaka iwe nzito kama asali, kisha ichuje, kwa kuwa mara nyingi huwa na vijiti vya miwa. Iache ipoe kidogo. Changanya na siagi ya njugu, tia hiliki iliyotwangwa, chumvi, na tende zilizotolewa kokwa na kukatwakatwa. Mimina oti kidogo kidogo, ukikanda kwa mkono uliopakwa mafuta kidogo. Mchanganyiko ukishikana bila kunata, finyanga mabonge ya ukubwa wa ndimu ndogo, yapange katika sinia, yaache saa moja yakakamae.

Hapa hali ya mahali ina neno lake. Kakamega iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko hukaza bonge bila ya barafu. Mombasa mwezi wa Februari bonge hilo hilo hulegea na kutoa jasho la mafuta. Kwa hiyo sisi wa pwani tuongeze oti nusu kikombe, au, bora zaidi, nazi iliyokunwa na kukaangwa mpaka ikawa ya dhahabu. Ukiwa na friji, yatakaa wiki mbili katika chombo chenye kifuniko. Ukiwa huna, yale katika siku 4 au 5.

TAHADHARI

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliviwezi. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, asije akapaliwa. Kwake yeye hakikisha zimesagwa kabisa, na bonge ulikate vipande vidogo. Na wako watu ambao njugu haziwapatani kamwe: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, pumzi hubana. Akila mtu ukaona dalili hizo, mkimbize hospitali, usingoje.

Haya si maneno ya kukutia hofu na njugu. Ni kukurudisha kwenye uteo. Mwezi wa Ramadhani, kati ya adhana na mezani, bonge moja lenye tende ndani yake ni mwanzo mwema wa futari, na mtoto anayetoka chuoni alasiri atalipenda kuliko peremende za dukani. Sukari guru ya Kabras, njugu za mkulima wa Kakamega, nazi ya Kilifi na hiliki ya dukani kwa jirani zaweza kukutana katika sinia moja, kama watu wa pwani na wa bara walivyokutana kwa Nabongo. Ila kabla ya kuwasha moto, keti, weka uteo magotini, na uzitazame njugu zako moja baada ya moja.