Ulimi wa Mtoto Mchanga Ukiwa Bluu

Mtoto mchanga mwenye afya ana ulimi mwekundu. Lakini wako watoto ambao ulimi wao huonekana bluu, kama wa mtu aliyekula zambarau. Baadhi yetu tukiona hivyo husema, "Huyu karogwa." Wengine humpeleka akakatwe kimeo. La, hasha! Huo ni ugonjwa, huenda wa mapafu au wa moyo. Leo tuangalie kasoro moja ya moyo.

Moyo ni pampu yenye pande mbili. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto huisukuma damu hiyo mwilini kote. Kila upande una mshipa wake mkubwa wa kutolea damu.

Kwa watoto wengine mishipa hiyo miwili hubadilishana mahali tangu tumboni. Basi damu iliyotoka mwilini hurudi mwilini bila kupita mapafuni. Iliyotoka mapafuni nayo hurudi huko huko.

Sasa, mtoto huyu anaishije? Kila mtoto huzaliwa na njia ndogo inayounganisha mishipa hiyo. Damu huchanganyika kidogo hapo. Lakini njia hiyo huziba siku chache baada ya kuzaliwa. Ikiziba, mtoto yumo hatarini. Ipo dawa ya hospitali inayoizuia isizibe, ili mtoto asubiri kupasuliwa.

Mwaka 1975, Dakta Adib Jatene wa São Paulo, Brazili, alifaulu kuirudisha mishipa hiyo mahali pake. Hufanywaje? Mtoto hulazwa usingizi kwa dawa. Mashine hushika kazi ya moyo na mapafu, na moyo husimamishwa. Moyo wenyewe ni mdogo kama ngumi ya kichanga huyo! Mishipa mikubwa hukatwa, hubadilishwa, kisha hushonwa. Kazi ngumu zaidi ni kuhamisha mishipa inayoulisha moyo, ambayo haizidi unene wa njiti ya kiberiti. Kisha moyo huachwa upige tena.

Kwa kawaida upasuaji huu hufanywa katika majuma mawili ya mwanzo. Kwa nini? Upande wa kushoto ukizoea kazi nyepesi ya kusukuma damu mapafuni tu, hulegea, kama mkono usioshika jembe. Penye vifaa na wataalamu wa kutosha, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hupona.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupasua mioyo ya watoto.

Basi, sisi wazazi tufanye nini? Mikono na nyayo kuwa bluu kwa baridi si ajabu. Tazama ulimi na midomo. Tazama pia kama mtoto anahema mbiombio, au anachoka na kutoka jasho anaponyonya. Ukiona hayo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, umwonyeshe mganga ulimi wake.

Najua mama mzazi bado yuko ndani. Lakini ugonjwa huu haungoji arobaini.