Bawaba Kwanza, Mlango Baadaye

Tukienda kwa seremala kuagiza kabati, wengi wetu huzungumza juu ya mbao, kimo na bei, kisha bawaba tunamwachia yeye achague. Kwa kabati ambalo mlango wake hulala juu ya fremu, hasara huenda isionekane. Lakini lipo kabati lisilosamehe jambo hilo: lile ambalo mlango wake huingia ndani ya fremu, uso wa mlango ukawa sawasawa na uso wa fremu. Hapo pengo la pande zote nne liko wazi mbele ya macho, nalo lapaswa kuwa jembamba na sawa, kiasi cha milimita 1 hadi 1.5. Bawaba ikilegea kidogo tu mlango huinama, upande mmoja ukakwaruza na upande wa pili ukaacha mwanya.

Milango ya namna hii ni ya kawaida katika samani za mtindo uitwao Arts and Crafts, yaani sanaa na kazi za mikono. Mtindo huu ulianza Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19, watu kama William Morris walipochoshwa na vitu vya viwandani vilivyorembwa ili kuficha ubovu wake. Mwaka 1893 Ernest Gimson na rafiki zake, ndugu wawili Ernest na Sidney Barnsley, waliondoka London wakahamia vijijini, katika vilima vya Cotswolds. Huko walitengeneza samani za mwaloni, ule mti mgumu wa nchi za baridi, na viungo vyake wakaviacha vionekane. Marekani, Gustav Stickley aliueneza mtindo huo kwa jarida lake The Craftsman, lililotoka kuanzia 1901 hadi 1916.

Mafundi hawa hawakuona aibu kuonyesha jinsi kitu kilivyoungwa. Gimson alikuwa na mhunzi, Alfred Bucknell, aliyefua vyuma kwa michoro yake. Stickley naye alikuwa na karakana ya shaba na chuma. Kwao bawaba ilikuwa sehemu ya kabati lenyewe.

Sasa wewe unayetaka kabati la mtindo huu nyumbani kwako, uchague ipi? Sisi twaona inayofaa zaidi ni ile ya siku zote, yenye majani mawili yaliyounganishwa kwa pini. Jani moja huzamishwa ubavuni mwa mlango, la pili ubavuni mwa fremu. Mlango ukifungwa, kinachoonekana ni kifundo cha pini tu, mstari mdogo wa shaba kando ya mbao.

Lakini angalia vizuri dukani, maana zinafanana kwa mbali. Nyingine zimekunjwa kutoka bati jembamba la shaba, na kifundo chake hakikazi. Nyingine zimetengenezwa kwa shaba nene, nazo huwa ghali zaidi. Jaribio lake ni rahisi. Shika jani moja kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ulitikise la pili juu na chini. Ikiwa linacheza mkononi, litacheza zaidi likibeba mlango. Kisha ifunge bawaba uitazame kwa ubavu: majani yawe sambamba, na nafasi iliyo kati yake iwe nyembamba. Majani yakizamishwa yote sawasawa na mbao, nafasi hiyo ndiyo itakayokuwa pengo la mlango wako. Ndiyo maana bawaba hununuliwa kabla mbao ya mlango haijakatwa kwa kipimo cha mwisho. Seremala anayesema tutazitafuta kazi ikiisha anakupangia taabu.

Mbona tunasisitiza shaba? Mwaloni una tanini, kitu kile kile kinachotumika kutengenezea ngozi. Chuma kikigusana nayo penye unyevu, mbao hupata doa jeusi la samawati ambalo si rahisi kulitoa. Skrubu nazo ziwe za shaba. Tatizo ni kwamba skrubu za shaba ni laini na hukatika kichwa upesi. Fundi mzuri hutoboa tundu kwanza, akaingiza skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho ili ikate njia, akaitoa, ndipo akaweka ya shaba iliyopakwa nta. Tena huanza na skrubu moja kwa kila jani, akafunga mlango na kutazama pengo, kabla hajakaza nyingine zote.

Mlango wa sentimita 60 hutosheka na bawaba mbili za milimita 50. Ukifika sentimita 120, weka tatu.

Zipo pia bawaba ndefu za kufua kwa nyundo, zinazolala kama mkanda juu ya uso wa mlango. Hupendeza katika kabati kubwa la vyombo. Katika kabati dogo hulemea. Ila jihadhari na mkanda wa mapambo uliopigiliwa tu, huku kibawaba kidogo kilichofichwa ndicho kinachofanya kazi. Hata enzi zile wapo waliofanya hivyo, lakini sisi hatulipendi jambo hilo.

Anayetaka bawaba isionekane kabisa atapewa ile nyembamba kama kisu, inayowekwa juu na chini ya mlango ili uzunguke kwenye pini. Wasomaji wa pwani wataielewa mara moja, kwa kuwa milango ya kale ya Zanzibar na Lamu huzunguka kwa ncha zilizoingizwa kwenye matundu ya juu na ya chini. Ni nzuri mno, lakini humtaka fundi mwenye mkono thabiti, kwani ikishawekwa haina nafasi ya kurekebishwa.

Kuna mwisho ile ya kisasa yenye kikombe, inayotobolewa tundu la milimita 35 nyuma ya mlango. Kwa mlango wa kuingia ndani hutakiwa aina yake maalumu yenye mkono uliopinda sana. Ya kawaida haitafaa. Sifa yake ni kwamba mlango ukiinama waweza kuunyoosha kwa bisibisi, wala humwiti fundi. Jikoni hatuna neno nayo. Katika kabati la mwaloni lililochongwa kwa mkono, ukifungua mlango ukakuta kikombe cha chuma kinachong'aa, ni kama kumkuta bibi harusi amevaa gauni la hariri na kandambili.