Sululu ni Chuma, Sululu ni Ndege

Ukiagiza sululu mjini Sumbawanga utaletewa chuma kilichopinda, chenye mpini, cha kuvunjia ardhi pale jembe liliposhindwa. Sema ulimtaka ndege, utatazamwa mara mbili.

Hata hivyo kamusi zinalipa neno hilo maana zote mbili. Sululu wa pili ni ndege wa pwani, miguu mirefu, rangi ya majani makavu, mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini. Sululu mkubwa, anayezaliana Ulaya na Asia ya kaskazini na kuja kwetu kukimbia baridi, mdomo wake hufika sentimita 15 na kuzidi, na wa jike ni mrefu kuliko wa dume. Wanasayansi walimwita Numenius, kwa Kigiriki cha mwezi mwandamo: wao waliona hilali. Waingereza walimsikiliza tu, wakamwita curlew kwa sauti ya mlio wake. Mswahili, huenda, aliona kazi. Nadhani Wafipa wa zamani wa huku Sumbawanga, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri ya udongo yaliyomzidi mtu kimo, wangekubaliana na Mswahili.

Na kazi ipo kweli. Kwenye matope ya delta ya Rufiji maji yakipwa, sululu mdogo, mwenye michirizi ya giza kichwani, huwinda kaa. Shimo la kaa haliendi moja kwa moja, linakata kona. Mdomo uliopinda unazungushwa ukaifuata. Tena ndege wa ukoo huu wanaweza kufunua ncha ya mdomo peke yake huku shina lake limefumba, wakambana mnyoo humo humo topeni.

Lakini Ufipa, kwenye Sumbawanga yetu, iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wala haina maji kupwa na kujaa. Mdomo uliopinda utakaouona hapa kwenye mabonde yenye unyevu ni wa kwarara, yule mwenye makelele alfajiri na magharibi. Usimwite sululu. Hawana undugu wa karibu: kila ukoo ulifika kwenye umbo hilo kwa njia yake, kwa kuwa wote wanatafuta chakula wasichokiona.

Kwarara anakipataje, basi? Mfupa wa ncha ya mdomo wake umejaa vitundu vidogo, na ndani ya kila kimoja zimo neva zinazohisi mtikisiko. Haimlazimu kumgusa mdudu. Mdudu akijongea tu ardhini, habari zimemfikia. Mvua ikishalainisha udongo, mtazame mmoja kwenye majani mafupi. Anadunga, anadunga, anasogea hatua, anadunga tena. Halafu anatulia ghafla, mdomo umezama nusu, macho yakiangalia kwingine kabisa. Subiri kidogo, utamwona nyungunyungu akitolewa.