Uchungu wa Dawa na Ulimi wa Mtoto

Mama wa pwani anayetaka kumwachisha mtoto ziwa hupaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto huonja, hukunja uso, hugeukia pembeni, na baada ya siku chache huacha kudai. Kuanzia Bunju hadi Bagamoyo na Saadani, wazee wengi wanaifahamu njia hiyo, wala hakuna anayemlaumu mtoto kwa kulikataa titi lenye shubiri. Lakini mtoto huyohuyo akitema kidonge cha malaria, huambiwa kwamba anadeka.

Ulimi uliokataa shubiri ndio uliokataa dawa. Juu ya ulimi, kwenye kaakaa laini na kooni kuna vinundu vidogo vya ladha, na ndani ya kila kinundu kuna makumi ya seli ambazo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya wiki moja au mbili. Ule mchoro wa vitabu vya shule unaougawa ulimi katika mitaa, utamu mbele na uchungu nyuma, hauna msingi. Kila sehemu yenye vinundu huonja ladha zote tano: utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama au samaki. Ukali wa pilipili haumo katika hesabu hiyo, kwa sababu huo ni hisia ya joto na maumivu.

Utamu hutambuliwa hasa na kipokezi kimoja, kilichoundwa na protini mbili. Uchungu una vipokezi vipatavyo 25, na kila kimoja kina jeni yake. Sababu yake haifichiki: sumu za mimea ziko za kila namna. Muhogo mchungu hubeba kemikali zinazotoa sayanidi, na pale ulipoliwa bila kusindikwa vya kutosha wakati wa ukame na njaa, ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, umewahi kuzuka hata Tanzania, Tarime na Mtwara zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika. Kwinini, inayotokana na magome ya mti, huamsha vipokezi kadhaa vya uchungu kwa mara moja. Ulimi hauna namna ya kujua kwamba kitu kichungu kilichowekwa juu yake safari hii ni tiba.

Watu hawaonji uchungu kwa kiwango kimoja. Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa akishughulika na unga wa kemikali iitwayo PTC uliporuka hewani. Mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu, naye Fox hakuonja kitu. Jeni inayohusika zaidi na tofauti hiyo, TAS2R38 iliyo kwenye kromosomu ya 7, ilitambuliwa mwaka 2003. Protini yake hutofautiana katika sehemu tatu, na mtoto hurithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowapima Waafrika 611 wa jamii 57 za Afrika Magharibi ya Kati na Afrika Mashariki, ulikuta aina za jeni hiyo ambazo ni adimu au hazipo kabisa nje ya bara hili. Haukukuta kwamba aina hizo zinafuata chakula cha jamii, kama vile ufugaji au uwindaji.

Hata hivyo jeni hiyo haihusiki na kwinini, ambayo ina vipokezi vyake. Mtu asiyeonja PTC anaweza kuiona kwinini chungu mno. Umri nao una nguvu: miongoni mwa waliorithi nakala mbili tofauti za TAS2R38, watoto huhisi uchungu katika viwango hafifu ambavyo mama zao hawavihisi. Mzazi anayeonja dawa kwanza na kusema "mbona si chungu" huenda anasema kweli, ila kwa ulimi wake mwenyewe.

Tanzania ilipoanza kutumia dawa mseto ya ALu mwishoni mwa mwaka 2006, watoto wadogo walipondewa vidonge vya watu wazima, navyo ni vichungu. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina kituo cha utafiti Bagamoyo, alishiriki na wenzake kuwaonjesha wanafunzi wa Tanzania dawa hiyo ikiwa na ladha tatu: stroberi, chungwa na cheri. Tofauti haikuwa kubwa, lakini cheri ilitangulia katika vipimo kadhaa, ingawa ni tunda ambalo watoto wengi wa huku hawajapata kuliona. Chungwa la Muheza halikushinda. Katika jaribio la watoto 899 wa nchi tano za Afrika, lililochapishwa mwaka 2008, vidonge hivyo vya kuyeyusha majini viliponya asilimia 97.8, na vile vya kupondwa asilimia 98.5. Kwa hiyo kupunguza uchungu hakukupunguza nguvu ya dawa.

Hatari ni ile dozi iliyoishia kwenye kanga ya mama. ALu ina dozi sita kwa siku tatu, na mtoto aliyetema mbili hajamaliza tiba hata kama pakiti imekwisha. Mhudumu na aulize: "Alimeza, au alitema?" Dozi iliyotapikwa ndani ya saa moja hurudiwa. Maziwa au chakula chenye mafuta kidogo huisaidia ALu kufyonzwa, na baadaye huondoa uchungu mdomoni. Dawa isichanganywe kwenye bakuli zima la uji, kwani mtoto akibakiza uji amebakiza dawa, na huenda akauchukia uji wenyewe. Kumbana pua akiwa analia hakuzimi uchungu, na kunaweza kuipeleka dawa kwenye mapafu. Mtoto anayetapika kila anachopewa, hata maji na maziwa ya mama, hiyo ni dalili ya hatari wala si suala la ladha: apelekwe kituoni mara moja, kwani huenda akahitaji dawa ya sindano.