Acheni Kuzidisha Mara Tatu

Swali ni lile lile, liwe limetoka Birere, Katindo au Himbi hapa Goma: "Mtaalamu, kanuni ya mara tatu bado inafaa, au sasa tuzidishe mara nne?" Haifai. Mara nne nayo haifai. Wengi wanaoniuliza hawana hata ukurasa mmoja unaoonyesha sufuria yao ya sombe inakula makala kiasi gani.

Kanuni yenyewe mnaijua: jumlisha ulichonunua sokoni, zidisha kwa 3, umepata bei ya sahani. Inafundishwa kama sheria, kumbe ni makadirio ya migahawa ambayo vyakula huchukua karibu theluthi ya mauzo. Tena ni wastani wa mgahawa mzima kwa muda mrefu. Haifai kupangia bei sahani moja.

Chukua sombe. Tuseme majani, mawese, vitunguu na makayabu vimekugharimu faranga 18 000, na sufuria inatoa sahani 30. Mara tatu ni 54 000, yaani 1 800 kwa sahani. Lakini sombe hutwangwa, kisha hukaa motoni kwa saa nyingi. Makala 14 000, mtwangaji 10 000, maji na sehemu ya kodi ya nyumba 9 000. Pamoja na vyakula ni 51 000. Umebakiwa na 3 000. Sahani 2 zisiponunuliwa, tayari ni hasara, na mgahawa ulionekana umejaa mchana kutwa!

Sasa samaki. Umemnunua 9 000. Kumkaanga, pamoja na sehemu ya kodi, ni 3 000. Kanuni inadai 27 000. Mteja anainuka anakwenda kwa jirani anayemuuza 16 000, na jirani huyo anabaki na 4 000 kwa kila samaki. Kanuni moja imekupunja kwenye sombe na kukufukuzia wateja kwenye samaki.

Ubaya wake mkubwa zaidi huonekana bei zinaporuka. Februari 2024, vita vilipofika Sake, njia ya Masisi ilikatika na vyakula vikapanda bei mjini. Gharama ya vyakula vya sahani moja ikipanda kwa faranga 1 000, kanuni inakuamuru umpandishie mteja 3 000, ingawa kodi na mshahara havikusogea. Kisha makala yapande wakati mboga imetulia: kanuni haioni chochote, kwa sababu makala hayamo ndani yake. Katika mji unaopikia makala, ambayo mengi hutoka misitu ya Virunga, hilo ni kosa lisilovumilika.

Cha kufanya ni kidogo. Andika tarehe uliyofungua gunia la makala na tarehe lilipokwisha, na sufuria ngapi zilipikwa katikati. Pima kilo za chakula kibichi na hesabu sahani zilizotoka. Kila jioni andika zilizopikwa, zilizouzwa, zilizobaki, na walizokula wafanyakazi na ndugu. Kama unanunua kwa dola na kuuza kwa faranga, andika kiwango cha siku hiyo hiyo. Benki zilipofunga milango Goma mwishoni mwa Januari 2025, wateja wengi walianza kulipa kwa simu: usifute ujumbe wa malipo, hiyo ni kumbukumbu yenye tarehe na saa. Wapishi wa arusi, hesabuni sahani zilizoliwa kweli. Idadi ya kadi za mwaliko haiwaambii kitu. Anza na vyakula 3 tu unavyouza zaidi, na upige hesabu upya kila wiki.

Daftari la shule na kalamu vinatosha, simu ya gharama haihitajiki. Lifungue leo jioni, na siku ukija kuniuliza bei ya sahani, njoo nalo.